Motere gani kwa Datsun ya kale? Kutafuta nguvu katika hewa nyepesi ya Likasi

Mtu akiwa na Datsun 240Z, Ford Capri au Peugeot 504 Coupé ya zamani ambayo shasi yake bado ni nzima, swali analokutana nalo garajini Likasi ni moja: motere utaiacha ile ile ama utatia nyingine? Majibu hayapatani. Fundi mmoja atamwambia atafute JZ ya Toyota na kuachana na vyuma vya babu. Wa pili atasema bila turbo hakuna nguvu Katanga. Wa tatu anaota V8 kutoka Afrika Kusini. Wa nne, mara nyingi mzee, atashauri asiguse kitu. Kila mmoja ana sababu yake, na kila mmoja anaacha nje ya hesabu jambo moja au mawili ambayo mwenye gari atakuja kuyalipia kwenye barabara ya Kambove, usiku, boneti ikiwa wazi.

Hapa tunachukua 240Z kuwa mfano wa kudumu. Jina lake linajulikana Afrika Mashariki yote kwa ushindi wa Safari Rally wa mwaka 1971 na 1973, na motere yake, L24, ina ndugu wengi, hivyo inaonyesha wazi tofauti kati ya kuongeza nguvu ndani ya ukoo na kuleta nguvu kutoka nje. Mwenye Capri au Peugeot atakuta hesabu ni ile ile, majina tu ndiyo yanabadilika.

Nguvu ambazo mwinuko umeshachukua

Likasi iko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo shinikizo la hewa ni kama asilimia 86 ya lile la pwani. Motere isiyo na turbo huvuta hewa kwa mwendo wa pistoni peke yake, na hewa iliyoingia ndiyo inayoamua petroli kiasi gani iungue. Hewa ikipungua, nguvu inapungua nayo, na hapa hasara ni kati ya asilimia 12 na 15.

L24 ya sentimita za ujazo 2,393 ilitangazwa kuwa na farasi 151, tena kwa kipimo cha zamani cha Kimarekani ambacho kilikuwa kikarimu. Hata ikitoka kiwandani leo, ikifika Likasi itatoa kama 130. Na haitoki kiwandani leo. 240Z zilitengenezwa kati ya 1969 na 1973. Hiyo ni nusu karne ya ringi kulika, vali kutokaa vizuri kwenye viti vyake na mnyororo wa kamshafti kulegea. Kwa hiyo wengi wanaolalamika kwamba "240Z haina nguvu" hawajawahi kuendesha 240Z yenye afya. Wanalinganisha motere gonjwa na motere nzima ya aina nyingine, kisha wanatoa hukumu juu ya aina.

Kabureta nazo zina lao. Gari hili lina kabureta mbili za Hitachi za mfumo wa SU, na kabureta haina macho. Haijui kwamba imepandishwa mlimani. Iliyopangwa kwa hewa ya pwani itaendelea kumimina petroli ile ile huku hewa ikiwa pungufu. Matokeo ni moshi mweusi, plagi zenye masizi, na gari zito kuondoka. Sindano na jeti zikibadilishwa, na muda wa cheche ukisogezwa mbele kidogo, sehemu ya nguvu iliyodhaniwa imekufa hurudi kwa gharama ndogo sana.

Kuna mtego mwingine hapa unaofaa kutajwa, kwa kuwa umeua motere nyingi zisizo na hatia. Fundi akipima mgandamizo wa silinda anasoma namba za kitabu, na kitabu kiliandikwa kwa ajili ya usawa wa bahari. Kitabu kikitaja 12, motere nzima ya Likasi itaonyesha kama 10 na kidogo, kwa sababu hewa inayogandamizwa ilikuwa nyepesi tangu mwanzo. Anayejua hilo ataangalia kama silinda zote sita zinakaribiana. Asiyejua atasema motere imekwisha, na mwenye gari ataanza kutafuta nyingine asiyoihitaji.

Nguvu ya kufanya nini?

Neno "nguvu" linatumiwa garajini kwa maana mbili, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Farasi ni torki ikizidishwa kwa mizunguko. Motere inaweza kuandikwa farasi nyingi lakini zikapatikana kwenye mizunguko 6,500 tu, huku chini yake ikiwa haina pumzi. Barabara kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi imejaa malori ya shaba na kobalti. Anayetaka kuyapita salama anahitaji msukumo kwenye mizunguko 2,500 hadi 4,500, sasa hivi, bila kusubiri. Huo ni torki, na torki hutokana na ukubwa wa silinda, mgandamizo mzuri na kamshafti ya wastani. Kamshafti kali ya mashindano hupunguza hicho hicho anachokihitaji. Bomba la moshi lenye kelele haliongezi chochote; debe tupu ndilo huvuma.

Wala tusisahau difu. Uwiano wa gia za difu ukibadilishwa, gari huondoka kwa nguvu zaidi kwenye magurudumu bila motere kuguswa. Kasi ya juu inapungua kidogo, lakini kasi ya juu ya 240Z haina mahali pa kutumika kati ya Likasi na Kambove.

Ushahidi wa Safari

Mjadala huu una ushahidi mkubwa ambao watu hawautumii. Tangu 1953 mashindano ya Safari yameweka motere za kila namna kwenye vumbi, matope na miinuko ya Afrika Mashariki. Nairobi yenyewe iko juu kuliko Likasi, hivyo hewa ya huko ni nyepesi zaidi ya yetu.

Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa 240Z, na 240Z ya Shekhar Mehta ikawa ya pili. Motere zilikuwa L24 zile zile za ukoo, zikiwa zimeandaliwa na kiwanda hadi kupita farasi 200. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda na Lofty Drews kwa 240Z, lakini tazama alishindaje: alilingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800 SSS, gari la silinda nne, na kanuni ya kuvunja sare ndiyo iliyompa kombe. Baada ya maelfu ya kilomita, silinda sita za lita 2.4 na silinda nne za lita 1.8 zilifika zikiwa sawa.

Miaka sita baadaye Mercedes-Benz walileta 450 SLC yenye V8 ya lita 5. Mwaka 1979 Hannu Mikkola alikuwa wa pili nayo. Aliyeshinda ni Mehta katika Datsun 160J ya lita 2. Mwaka uliofuata Mehta alishinda tena, na Mercedes ikapata nafasi ya tatu. Porsche 911 nayo ilijaribu kwa miaka mingi na haikushinda Safari hata mara moja katika enzi zake. Ilibidi isubiri mashindano ya magari ya kale, ambako Björn Waldegård aliipa ushindi mwaka 2011 na Stig Blomqvist mwaka 2015.

Je, basi motere kubwa haifai? Hapana, ushahidi hauendi upande mmoja. Mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas alishinda Safari kwa Peugeot 504 Coupé yenye V6 ya lita 2.7, motere kubwa kuliko ile ya 504 ya kawaida iliyompa Ove Andersson ushindi mwaka 1975. Na kati ya 1984 na 1986 Toyota Celica yenye turbo ilishinda mara tatu mfululizo, kwa Waldegård, kisha Juha Kankkunen, kisha Waldegård tena. Kwa hiyo V6 iliweza, turbo iliweza. Lakini katika kila ushindi huo gari zima lilikuwa limejengwa kuzunguka motere: breki, difu, rejeta, mfumo wa mafuta. Mwenye 240Z akisema "hata Celica ya turbo ilishinda Safari", na aulizwe kama nyuma yake kuna kiwanda.

Kubaki katika ukoo: L28

Njia ya kwanza ni kutia ndugu mkubwa wa L24. L28 ina ujazo wa 2,753. Tundu zake ni milimita 86 badala ya 83, na mwendo wa pistoni ni milimita 79 badala ya 73.7. Kwa nje ni motere ile ile. Inakaa kwenye mipira ile ile, inafunga giaboksi ile ile, na haihitaji kukata chuma hata kidogo.

Tena haikuwa motere ya magari ya anasa peke yake. Nissan Patrol ya muundo wa 160, iliyouzwa kwa wingi Afrika kuanzia miaka ya 1980, ilikuwa na toleo la petroli lenye L28. Patrol iliyokufa bodi inaweza kuwa na bloku nzuri. Ya Patrol hupangwa kwa kazi ya kuvuta, mgandamizo mdogo na pumzi fupi, kwa hiyo bloku ndiyo inayotafutwa, na silinda hedi huchaguliwa upya. Ile yenye alama N42 ina vali kubwa, milimita 44 za kuingiza na 35 za kutoa, dhidi ya 42 na 33 za hedi ya mwanzo ya 240Z. Mwinuko wetu unasaidia hapa: hewa nyepesi hupunguza hatari ya motere kugonga, hivyo mgandamizo unaweza kupandishwa kidogo kuliko ambavyo mtu wa Mombasa angethubutu.

L28 yenye afya, hedi nzuri, kamshafti ya wastani na kabureta zilizopangwa inaweza kukaribia farasi 200 pwani. Likasi hiyo ni kama 170. Ukilinganisha na 130 za L24 nzima, au na chini ya hapo kwa iliyochoka, ni gari jingine, na ongezeko kubwa liko chini, kwenye torki, mahali linapohitajika.

Wapo wanaoenda mbali zaidi: kranki ya LD28, motere ya mazuti ya ukoo huo yenye mwendo wa milimita 83, ikiwekwa kwenye bloku ya L28 iliyochongwa hadi milimita 89, inatoa ujazo wa 3,098. Ni kazi nzuri kwenye karatasi. Lakini kuta za silinda zilizochongwa kiasi hicho hubaki nyembamba, na joto ndilo adui yetu wa kwanza, kama tutakavyoona. Kwa barabara ya kila siku hesabu hiyo hailipi.

Udhaifu wa njia ya ukoo usifichwe. Vipuri vya L havipo kwenye rafu za Likasi. Gasketi, ringi na beringi huagizwa, na anayeagiza husubiri. Kabureta tatu za Weber, zinazopendwa kwa sura na sauti, huja mara nyingi na midomo wazi. Kati ya Mei na Oktoba vumbi jekundu la Katanga litaingia moja kwa moja na kusaga ringi mpya kama jiwe la kinu. Anayezitaka aweke filta kamili au aziache.

Ila kuna jambo moja ambalo Likasi inalo na miji mingi haina. Huu ni mji uliozaliwa na machimbo na viwanda. Kabla ya kubadilishwa jina mwaka 1966 uliitwa Jadotville, na karakana kuu za Panda, zilizohudumia kampuni ya machimbo ya Union Minière na baadaye Gécamines, zimelea vizazi vya watu wa kuyeyusha chuma, kuchonga na kupima kwa mikromita. Kuchonga silinda, kusawazisha hedi, kutengeneza bushi ambayo haiuzwi tena popote: hizi ni kazi ambazo mji huu unazijua tangu zamani. Njia ya kufufua motere ya chuma cha kawaida inategemea ujuzi huo. Njia ya kompyuta na sensa haiutegemei. Tofauti hiyo ina uzito kuliko farasi 20 za ziada.

Turbo: dawa ya mwinuko, kwa masharti

Kinadharia, hakuna hoja yenye nguvu hapa kuliko ya turbo. Kama tatizo ni hewa kuwa nyepesi, kifaa kinachosukuma hewa ndani kwa lazima ndicho dawa. Marubani walilijua hilo kabla ya madereva. Ndege za pistoni zilifungwa vifaa vya kusukuma hewa ili zisife pumzi huko juu. Motere ya turbo ikija Likasi hupoteza kidogo sana ikilinganishwa na isiyo nayo.

Hata katika ukoo wa L ipo ya turbo: L28ET ya Datsun 280ZX ya 1981 hadi 1983, farasi 180 kwa mgandamizo wa 7.4. Ililishwa petroli kwa sindano na kompyuta ya zama zake, na ilifanya kazi vizuri.

Masharti sasa. Ili kufikia shinikizo lile lile kwa hewa nyepesi, gurudumu la turbo lazima lizunguke kasi zaidi, na hewa inayotoka huwa ya moto zaidi. Hewa ya moto huifanya petroli kulipuka kabla ya wakati, na mlipuko huo hutoboa pistoni. Kwa hiyo kipoza hewa si pambo, ni lazima. Petroli ya Haut-Katanga husafirishwa kwa malori ya matangi kutoka bandari za mbali, na sehemu yake huuzwa kando ya barabara kwa vidumu na chupa. Motere ya mgandamizo wa kawaida husamehe petroli isiyo safi, ikigonga kidogo na kuendelea. Turbo haisamehi. Beringi zake pia hulainishwa na oili ya motere, hivyo oili ya mashaka au kuzima gari papo hapo baada ya mwendo mkali hufupisha maisha yake.

Na turbo iliyobandikwa kwenye L24 yenye kabureta, bila kupunguza mgandamizo wala kubadili mfumo wa mafuta, ni kosa. Hakuna njia ya upole ya kulisema. Anayefanya hivyo ananunua nguvu ya mwezi mmoja kwa bei ya motere nzima.

Motere ya ukoo mwingine: JZ na V8

Watetezi wa Toyota wana hoja ambayo wapenzi wa asili huidharau bila haki. Toyota zilizotumika Japani zimejaa Katanga, zikipitia Dar es Salaam na Zambia hadi mpakani Kasumbalesa. 1JZ-GE ya Mark II yenye VVT-i ina farasi 200; 2JZ-GE ya lita 3 ina takriban 220. Vipuri vipo Lubumbashi, mafundi wanaijua, na kikubwa zaidi, kompyuta yake hupima hewa yenyewe. Sensa ikiona hewa ni nyepesi, petroli inapunguzwa. Kila tulichosema juu ya sindano na jeti kinaondoka. Gari linawaka asubuhi ya Julai bila kubembelezwa na kunywa kidogo kuliko L24 yenye kabureta mbovu. Kwa mtu anayetaka kuendesha kila siku, hoja hii ni nzito.

Inapoanza kupungua uzito ni pale motere inapofika mbele ya 240Z na kushushwa. Sampu haikubaliani na chuma cha mbele cha usukani, lazima ikatwe na kuungwa upya. Miguu ya motere hutengenezwa. Mark II nyingi zina giaboksi ya kujiendesha, na ya mkono ni adimu na ghali. Propela shafti hufupishwa au kurefushwa na kusawazishwa. Wayaringi yote hupangwa upya, na hapa ndipo miradi mingi hufia: waya uliounganishwa kwa mkanda wa plastiki, sensa isiyojulikana, motere inayozima mvua ikinyesha. Bloku ya JZ ni chuma kizito, hivyo pua ya gari huongezeka uzito, na 240Z yenye kilo 1,050 hivi ilipendwa hasa kwa wepesi wa pua yake. Aliyenunua JZ ya gari lililogongwa hajui imetembea kilomita ngapi. Huenda amebadilisha motere mgonjwa anayemjua kwa mgonjwa asiyemjua. Kuhusu 2JZ-GTE ya turbo inayosifiwa kwenye video, bei yake peke yake inaweza kufufua L28 na breki zote za gari na kubaki na chenji.

V8 ina historia ya heshima karibu nasi. Kuanzia 1970 Basil Green wa Johannesburg alikuwa akitoa V6 ya lita 3 ndani ya Ford Capri na kuweka V8 ya Ford ya lita 5, na gari hilo, Capri Perana, liliuzwa kupitia mawakala wa Ford. Kabla yake, mwaka 1962, Carroll Shelby alitia V8 ya Ford ndani ya AC ya Kiingereza na Cobra ikazaliwa. Mifano hii hutajwa kama uthibitisho kwamba kila gari dogo linaweza kubeba V8. Ila Capri ilikuwa tayari imetengenezwa kubeba V6 nzito ya chuma, ya kampuni ile ile, na kazi yote ilifanywa na mtu mmoja aliyeirudia mara mamia hadi makosa yakaisha. Gari la peke yake Likasi halitapata nafasi ya pili ya kurekebisha makosa. V8 ya lita 5 kwenye 240Z ni mradi wa mtu mwenye karakana yake, muda wake na gari jingine la kwenda nalo kazini.

Bili ambayo haisemwi garajini

Hapa ndipo uamuzi huharibika, kwa sababu kila anayeuza motere hutaja bei ya motere tu.

Breki kwanza. Nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza hupanda kwa mraba wa kasi: gari linaloenda kilomita 140 kwa saa lina karibu mara mbili ya nishati ya lile linaloenda 100. 240Z ina diski mbele na ngoma nyuma, zilizopimwa kwa farasi 151. Kuongeza farasi 100 bila kugusa breki ni kumwekea dereva mtego, yeye na mtoto anayevuka barabara katika mtaa wa Kikula.

Difu ya 240Z, inayoitwa R180, inatosha kwa L28 ya wastani. Kwa turbo au V8 haitoshi. Nissan wenyewe waliweka R200 iliyo imara zaidi kwenye 280Z. Klachi na viungo vya shafti za nyuma ni hivyo hivyo.

Kisha joto. Kwenye mwinuko wa Likasi maji huchemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100, na hewa nyepesi inayopita kwenye rejeta hubeba joto pungufu. Kila farasi wa ziada ni joto la ziada. Rejeta ya nusu karne yenye chokaa ndani, mfuniko usioshika shinikizo na feni iliyolegea: motere yoyote, iwe ya ukoo au ya kigeni, itaungua gasketi ya hedi kwa vitu hivyo vitatu kwenye msururu wa malori mwezi wa Oktoba.

Na kutu. 240Z inaoza chini ya milango, kwenye sakafu na chini ya betri. Motere ya torki kubwa ikifungwa kwenye shasi iliyooza husokota bodi. Fedha za kwanza ni za kuchomelea.

Uamuzi

Ukipima yote kwa mahali hapa, si kwa Japani wala California, mpangilio unaonekana. L24 iliyofufuliwa kwa usahihi, ikapangiwa kabureta kwa mita 1,300, inamtosha mtu anayetaka gari la kale liwe gari la kale. Gharama yake ni ndogo na hasara ya kukosea ni ndogo pia. Anayehitaji nguvu kweli kweli atapata faida bora kwa L28 yenye hedi nzuri, pamoja na rejeta mpya na breki zilizoimarishwa, na akiongeza mfumo wa sindano za petroli juu yake atakuwa amechukua fadhila kuu ya JZ bila kubeba uzito wake. JZ isiyo na turbo ni chaguo halali kwa aliyekuta gari halina motere kabisa, na mwenye fundi umeme wa kuaminika, si wa kubahatisha. Turbo ije kama motere iliyozaliwa na turbo, na mafuta yanayojulikana yanakotoka. V8 ibaki mwisho.

Uamuzi huu unategemea neno moja: kurudi nyuma. Aliyetia L28 anaweza kurudisha L24 kwa siku mbili. Aliyekata chuma cha mbele kwa ajili ya sampu ya JZ hawezi tena, na gari lililoshinda Safari mara mbili halitengenezwi tena.

Kwa hiyo, yeyote atakayechagua njia yoyote kati ya hizi, asiiache L24 iliyotolewa ikaliwa na mvua nyuma ya garaji. Aijaze oili kwenye tundu za plagi, aifunge kwa turubai, aiandikie namba yake na kuitunza. Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita Likasi kila wiki, na bloku ya L24 kwenye mizani yao ni kilo tu. Usiwauzie.